Wiki tatu kabla skuli hazijafungua: hivi ndivyo mimi hujiandaa

Ticha mwenzangu kama unasoma hii na likizo ya Disemba ishakata nusu na wewe hujagusa hata kalamu usijali, tuko wengi. Mimi mwenyewe saa hii niko kibarazani huku Kisauni, Mombasa, feni inazunguka lakini upepo wenyewe wa moto, simu inalia kila dakika manake grupu la walimu limewaka. Mmoja katuma ati masomo yanapunguzwa tena, mwengine ati junia (gredi ya 7 hadi 9) inahamishwa, wa tatu katuma picha ya barua ambayo ukiizumu hata sahihi huioni. Ndo kila Disemba iko hivyo tangu hii CBC ianze, yaani mtaala wa umilisi, na sasa jina lenyewe limegeuka watu wanasema CBE.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili gredi ya 7 mpaka 9, na kama walimu wengi wa junia nina somo jengine la pili ambalo sikulisomea vizuri, hilo tutalifikia. Nataka niwaandikie jinsi ninavyojiandaa hatua kwa hatua. Si eti mimi ndo mjuaji, ni vile nilishawahi kujiandaa vibaya nikajuta. Disemba ya 2023 nilikaa chini nikaandika maazimio ya kazi ya mwaka mzima kwa mkono, daftari tatu, kalamu ya buluu na nyekundu, mistari nimepiga kwa rula. Halafu 2024 masomo ya junia yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9, mengine yakaunganishwa, na ratiba ikapangwa upya. Daftari mbili kati ya zile tatu zikawa za kufungia mahamri. Mama yangu hata aliniuliza mbona mwandiko mzuri hivi unautupa. Kosa lilikuwa langu, niliandika kabla sijajua naandikia nini.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kabisa usiandike chochote. Hatua zenyewe hizi hapa.

Hatua ya 1: chuja maneno

Chukua karatasi moja tu, igawe mara tatu. Upande wa kwanza andika "nimesikia", wa pili "nimeona kwa macho", wa tatu "inanigusa vipi". Kila habari ya mabadiliko inayokufikia itie mahali pake. Kilichoko kwa "nimesikia" usikifanyie kazi, kiache hapo kikae. Kinahamia "nimeona" pale tu ukishika waraka wenyewe, una tarehe, una nambari ya kumbukumbu, una sahihi, na umeupata kwa hedi au kwa tovuti ya wenyewe, yaani wizara, TSC (tume ya walimu), KICD (wanaotunga mitaala) au KNEC (baraza la mitihani). Skrinshoti ya skrinshoti si waraka, samahani.

Utashangaa ukimaliza. Mimi mwaka huu nilikuwa na habari 11 kwa "nimesikia", zilizohamia "nimeona" ni 4, na zinazonigusa mimi darasani mwangu ni 2. Mbili tu! Na mimi nilikuwa nishaanza kukosa usingizi.

Nikupe mfano wa zile za kweli ili tuwe ukurasa mmoja. Kundi la kwanza la gredi ya 9 lilifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza junia, mwaka wa 2025, na Januari 2026 ndo waliingia gredi ya 10, hao ndo wa mwanzo kabisa Kenya hii. 8-4-4, ule mfumo wa zamani, nayo haijaisha, KCPE (mtihani wa darasa la nane) ya mwisho ilikuwa 2023 na wale watoto watafanya KCSE (wa kidato cha nne) ya mwisho 2027, kwa hivyo kwa skuli za sekondari mifumo miwili inakaa paa moja. Huko kwa wakubwa kuna njia tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Sasa wewe wa gredi ya 7 utasema hiyo yakuhusu nini, yakuhusu, manake mzazi hatamuuliza waziri, atakuuliza wewe getini. Lakini azimio lako la kazi haligeuki kwa sababu ya gredi ya 10. Hiyo tofauti ndo ya kushika, kuna kitu kimebadilika na kuna kitu kimebadilika *kwako*.

Hatua ya 2: jua mzigo wako kabla hujaubeba

Hapa wengi tunaona haya. Tunangoja siku ya kufungua, stafurumu imejaa, deputi anabandika ratiba ukutani tunasukumana kama tunapanda feri ya Likoni, ndo unajua umepewa nini. Usingoje. Mpigie deputi au hedi wiki mbili kabla, kwa adabu, asubuhi si usiku.

Mimi mwaka huu nilimpigia hedi nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, samahani kukusumbua likizo. Nilitaka kujua tu, zile klasi zangu zabaki ama zimegeuka?"

Akacheka. "Marahaba. Wewe mwalimu wataka kuniandikisha kabla sijakaa?"

"La mwalimu, nataka kujipanga tu, ukigeuza baadaye sitakulaumu."

Hapo ndo alinitajia. Kiswahili gredi ya 7 mikondo miwili, gredi ya 9 mikondo miwili, na Social Studies gredi ya 7 yote miwili. Ukishapata hivyo fanya hesabu, usiende kwa kuhisi. Kiswahili junia ni vipindi 4 kwa wiki, mara mikondo minne ni 16. Social Studies vipindi 4 mara mbili ni 8. Jumla 24, kila kipindi dakika 40. Sawa, hiyo si mbaya, kuna wenzangu wana zaidi ya 30.

Lakini vipindi si mzigo wote. Mzigo ni daftari. Klasi zangu zina watoto 50 na kitu, tuseme 50, mara nne ni insha 200. Insha moja ukiisoma kwa haki ni dakika 3, na hapo hujaandika maoni marefu. Dakika 600, saa 10 nzima! Kwa insha moja! Sasa mtu akiniambia watoto waandike insha kila wiki namwangalia tu. Mimi nimeamua insha kamili ni moja kila wiki tatu kwa mkondo, na mikondo haiandiki wiki moja, napishanisha. Wiki nyengine wanaandika aya moja, wanasahihishana wenyewe wawili wawili nikiwa nimewaandikia ubaoni cha kutafuta. Ukiyafanya haya maamuzi Disemba ukiwa na akili timamu ni tofauti na kuyafanya Februari ukiwa na daftari 200 mezani na kichwa kinauma.

Hatua ya 3: hesabu wiki, lakini hesabu kama mtu wa Mombasa

Chukua mfano wa 2026, kalenda ya wizara ilisema muhula wa kwanza ni kutoka tarehe 5 Januari mpaka tarehe 2 Aprili, wiki 13. Mwalimu mgeni atapanga kazi ya wiki 13. Mimi hupanga ya 10.

Wiki ya kwanza inaliwa, nusu ya watoto bado wako shamba Kilifi ama Kwale, madawati yanahamishwa, vitabu vinagawiwa. Wiki ya mwisho ni tathmini na kujaza rekodi. Katikati kuna likizo fupi, kuna michezo, kuna Idd. Zikibaki 10 mshukuru Mungu. Wiki 10 mara vipindi 4 ni vipindi 40 vya Kiswahili, basi. Andika hiyo namba 40 juu ya karatasi kwa kalamu nene.

Halafu chora joto. Ndio, joto. Kuanzia Januari hadi Machi ni kaskazi, na darasa la mabati lisilokuwa na dari saa nane mchana unafundisha watoto waliolala macho wazi. Kama una nafasi ya kuongea na anayepanga ratiba muombe sarufi ikae asubuhi. Asipokubali, badilisha unachofanya mchana, mimi mchana nawatoa nje chini ya mwarobaini, tunasikiliza hadithi na kujadiliana. Ile mada ya kusikiliza na kuzungumza haihitaji ubao hata kidogo.

Na Ramadhani. Hii inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, na mwaka wa 2026 ilianza kama tarehe 18 au 19 Februari, yaani wiki ya 7 ya muhula mpaka kama wiki ya 11. Nilifundisha mwaka mmoja nikawawekea watoto usomaji wa sauti kipindi cha mwisho mwezi wa Ramadhani. Mtoto amesimama, amekula daku saa kumi alfajiri, mdomo umekauka, anasoma sentensi mbili anameza mate ambayo hayako. Nikaona aibu mimi. Tangu siku hiyo kazi nzito yote, insha ndefu, majadiliano, maigizo, naiweka wiki ya 2 hadi ya 6. Ndani ya Ramadhani naweka ufahamu wa kusoma kimyakimya, sarufi kidogokidogo, kazi za kuandika fupi. Na usisahau kwamba darasani si wote wanafunga, wale wengine wasijione kama wakosaji wakitoa maji yao, hiyo zungumza nao mapema kabla mwezi haujaandama, dakika tano zinatosha.

Kitu chengine, watoto wetu wengi wakitoka skuli wanaingia chuoni, yaani madrasa, mpaka magharibi. Ukimpa homuweki ya saa mbili ataifanya saa ngapi? Atanakili kwa mwenzake asubuhi.

Hatua ya 4: sasa ndo uandike azimio, na usiandike lote

Pakua mtaala wa gredi yako kutoka tovuti ya KICD, ni bure, usiuziwe na mtu. Hakikisha ni ule uliorekebishwa baada ya masomo kupunguzwa, angalia mwaka kwenye jalada. Vilevile angalia vitabu vilivyoko kabatini skuli, vyengine vilichapishwa kabla masomo hayajaunganishwa na sura zimekaa mpangilio wa zamani.

Kuhusu hizi skimu za kununua kwa simu, shilingi mia unatumiwa faili ya mwaka mzima. Sitakuhukumu, nilishanunua. Shida ni kwamba aliyeiandika hajui wewe una wiki 10, anaweka "rasilimali: projekta" na wewe darasani huna hata soketi. Afisa akija akauliza projekta iko wapi utamwambia nini. Kama utanunua basi iwe ya kuchungulia tu.

Mimi hufanya hivi. Wiki nne za kwanza naandika kamili: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, shughuli, nyenzo, tathmini. Wiki zilizobaki naandika mada na mada ndogo tu kwa penseli. Penseli! Mabadiliko yakija nafuta, sifungii mahamri tena. Kila Ijumaa ya wiki ya tatu nakaa naandika nne zinazofuata.

Na hapo kwa swali dadisi tusidanganyane, wengi tunanakili lile lililo kwa mtaala neno kwa neno. Mtaala wenyewe umekuachia nafasi ulete la kwenu. Tuseme mada ni usafi. Ukiuliza "kwa nini usafi ni muhimu" watoto 50 watakujibu kwa pamoja "ili tusiwe wagonjwa" na kipindi kimekufa. Mimi niliuliza, "Mbona sabuni haitoki povu kwa maji ya kisima cha mtaani kwetu?" Wallahi darasa lilifumuka. Mmoja akasema yana chumvi, mwengine akasema nyumbani kwao maji ya kisima ni ya kufulia na kuoshea vyombo, ya kunywa wananunua kwa mtu wa mkokoteni, wa tatu akaeleza mama yake anavyopima mitungi, upi wa kuoga na upi wa kupika. Kuna msichana wa nyuma hajawahi kuzungumza tangu mwaka uanze, huyo ndo alieleza jinsi ya kuoga kwa lita tano mtu na mdogo wake. Nikawaambia sasa andikeni hayo, aya moja. Nikapata umilisi wa mawasiliano, nikapata kufikiria kwa kina, na sikutumia shilingi.

Na tukiwa hapo kwa Kiswahili niseme jambo moja linaniwasha. Watoto wa Mombasa wanaongea Kiswahili tangu tumboni halafu kwa karatasi wanapigwa na watoto wa bara. Kwa nini? Manake wanaandika wanavyosema. "Yuwaja", "n'shafika", "wataka n'ni". Sasa kuna mwalimu anazungusha nyekundu na kuandika "kosa!" mtoto anaona lugha ya bibi yake ni kosa. Si kosa, ni Kimvita, ni lahaja yenye mashairi yake kabla hata hizo skuli hazijajengwa. Mimi natenga kipindi kimoja mwanzo wa mwaka, nagawa ubao mara mbili, huku "nyumbani twasema", huku "kwenye mtihani twaandika". Yuwaja, anakuja. N'shafika, nimeshafika. Watoto wenyewe ndo wanajaza na wanafurahi kweli. Ile chati tunaibandika ukutani mwaka mzima, mtoto akiandika "yuwaja" namuonyesha chati tu kwa kidole. Weka hicho kipindi kwa azimio lako wiki ya pili, usingoje mtihani wa katikati ukuonyeshe.

Hatua ya 5: somo ambalo si lako

Fupi tu. Ukipewa somo hukulisomea usijifanye unajua. Tafuta mwenzako wa skuli nyengine anayelijua, mkubaliane, yeye akueleze mada ngumu za muhula kwa saa moja na wewe umsaidie kwa lako. Mimi wa Social Studies ni jirani yangu, namlipa kwa viazi karai. Soma sura mbili mbele ya watoto, si lazima kitabu kizima. Na tumia mji wetu, mwenye Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 pale chini ya Mji wa Kale hana haja ya kufundisha ukoloni kwa picha ya kitabuni. Ziara ikishindikana kwa pesa, muulize mtoto anayekaa Mji wa Kale awaelezee wenzake milango na baraza za kwao.

Hatua ya 6: faili za tathmini, hapa usilale

Hili ndo eneo ambalo mabadiliko yana meno kweli. Zamani mtoto alikuwa na siku tatu za mtihani basi. Sasa matokeo ya mwisho ya gredi ya 9 yanajengwa kwa vipande, KPSEA ya gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za skuli za gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA yenyewe asilimia 60. Maana yake nini kwako mwalimu wa gredi ya 7? Maana yake ile maksi unayoweka wewe inamfuata mtoto mpaka anapoitiwa skuli ya gredi ya 10. Ukiibuni kwa sababu ulikuwa na haraka, umemuibia mtu ama umempa mtu cha mwenzake.

Kwa hivyo kabla ya Januari tengeneza hivi. Faili moja ya kila mkondo, ya karatasi. Ndani orodha ya majina kwa mpangilio uleule wa rejista, usibadilishe. Nyuma ya orodha weka vigezo vya kupima kila kazi vikiwa vimeandikwa kwa maneno yako. Vile viwango vinne tunavijua, kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio, na kwa KJSEA kila kimoja kimekatwa mara mbili vikawa vinane. Shida ni kwamba "kufikia matarajio" bila maelezo ni hewa. Mimi kwa insha ya gredi ya 7 naandika: ana mwanzo, kati na mwisho, makosa ya tahajia hayazidi matano kwa ukurasa, ametumia angalau methali moja inayofaa mahali pake, hapo kafikia. Ukiwa na hiyo hata mzazi akija na kelele unamfungulia faili mnasoma pamoja.

Pili, nakala ya simu. Kila tathmini ikiisha piga picha orodha ya maksi, itie kwa folda yenye jina la wazi, "gredi 7 mkondo A muhula 1", usiache "IMG" na manamba. Kuna skuli niliyofundisha, siitaji, mvua ya mwezi wa tano iliingia ofisini na rekodi za klasi mbili zikalowa zikawa uji. Tulikaa usiku kucha tunaunganisha maksi kutoka kwa daftari za watoto. Daftari zenyewe nusu zishapotea.

Tatu, kupakia maksi kwa portali ya KNEC usingoje siku ya mwisho. Kila mtu nchi nzima anangoja siku ya mwisho. Pakia wiki moja kabla, alfajiri, ukiwa na bando lako na neno la siri limeandikwa mahali unapolijua. TPAD nayo, ile tathmini ya TSC ya kumpima mwalimu, hivyohivyo, yale malengo ya mwanzo wa muhula yaandike Disemba kwenye daftari, ikifunguliwa unanakili tu.

Hatua ya 7: vifaa

Usimalize mshahara kwa manila. Zunguka nyumbani kwanza. Vifuu vya nazi, vifuniko vya soda, katoni za Kongowea sokoni (muombe mwenye duka la jumla, hutupa tu), leso zilizochakaa. Leso peke yake ni kifaa cha methali na mafumbo, yale majina chini ni somo tosha. Chaki na kalamu nyekundu nunua zako binafsi akiba, manake hela za skuli zikichelewa wewe ndo utasimama mbele ya watoto bila chaki.

Hatua ya 8: wazazi, kabla hawajakujia

Omba hedi nafasi ya dakika 15 mkutano wa kwanza. Sema mambo matatu tu. La kwanza, mtoto anapimwa vipi, kwa lugha ya sokoni, hizo asilimia 20, 20 na 60 ziseme polepole mara mbili. La pili, zile njia tatu za gredi ya 10, na kwamba Kiswahili ama Lugha ya Ishara ya Kenya ni ya lazima njia yoyote atakayochukua, kwa hivyo anayesema "wangu ni wa sayansi, Kiswahili cha nini" ajibiwe hapo hapo.

La tatu ni projekti. Jamani walimu hapa tuambiane ukweli. Mwaka juzi mama mmoja alinijia asubuhi, mikono bado ina unga, akaniambia, "Mwalimu, mimi nauza bajia. Jana saa tatu usiku mtoto ananambia ticha kasema picha za rangi, tano. Nilifunga biashara nikaenda nae saiba, bob 20 kila moja. Leo unga sina." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika "picha" kwa sababu mwongozo umesema picha, sikufikiria picha inatoka wapi. Sasa sheria yangu, hakuna kazi inayohitaji kuprinti, hakuna kazi inayotolewa leo kuletwa kesho, na kila nyenzo lazima iwe inapatikana kwa mtoto maskini kuliko wote darasani. Wachore. Mtoto akichora samaki kwa mkono anamjua samaki. Niliwaambia wazazi hivyo mkutanoni na walipiga makofi kuliko walivyompigia mwenyekiti.

Hatua ya 9: wewe mwenyewe

Januari ina siku 31 lakini mshahara wa Disemba huonekana una siku kumi. Tenga nauli ya mwezi mzima kabla ya Krismasi ama kabla ya harusi za Disemba hazijakumaliza, matatu za asubuhi hupanda bei skuli zikifungua. Kama unavuka feri ama unapita Nyali darajani, fanya jaribio siku moja kabla, toka nyumbani saa ileile uone. Viatu vizuri, mwalimu husimama. Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Na lala.

Hatua ya 10: kipindi cha kwanza kabisa

Usiingie na sheria. Kila mwalimu siku hiyo anaingia na sheria, mtoto anasikia sheria 9 kutoka kwa watu 9 mpaka mchana. Mimi naingia na karatasi zilizokatwa vipande vidogo, kila mtoto kimoja. Nawaambia andika sentensi tatu. Unaitwaje na nyumbani wanakuitaje. Kitu gani unakijua kufanya ambacho mimi mwalimu sikijui. Na kitu gani kwa Kiswahili kinakusumbua. Dakika kumi. Hakuna maksi.

Usiku nazisoma zote, zile 200, na hizo hazinichukui saa kumi. Januari hii iliyopita kuna kijana wa gredi ya 7 aliandika, "Naitwa Juma nyumbani Jumaa. Najuwa kutega mishipi ya kole kole usiku. Kiswahili kinachonisumbua ni kile cha skuli." Nimekibandika kwa jalada la ndani la daftari langu la maazimio, karibu na ile namba 40.